Sonata ya mwisho ya Shostakovich: kazi ambayo mtunzi wake hakuisikia

Katika majira ya joto ya mwaka wa 1975, Dmitri Shostakovich, mmoja wa watunzi mashuhuri kabisa wa muziki wa Ulaya katika karne ya 20, aliandika sonata ya viola na piano huku mkono wake wa kulia ukiwa karibu kushindwa kushika kalamu. Wiki tano baada ya kuimaliza, alifariki dunia. Tangu wakati huo wajuzi wa muziki wamekuwa wakibishana: je, kazi hiyo ni kilio cha mtu anayekufa, au ni jambo jingine?

Tarehe 25 Septemba mwaka wa 1975 watu wachache walikusanyika nyumbani kwa familia ya Shostakovich mjini Moscow. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwenye nyumba, ambaye angetimiza umri wa miaka 69. Mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amefariki siku 47 kabla, na kaburi lake katika makaburi ya Novodevichy lilikuwa bado jipya. Waliofika walikuja kusikiliza. Fyodor Druzhinin alishika viola, Mikhail Muntyan akaketi mbele ya piano, na kwa muda wa zaidi ya nusu saa wawili hao wakapiga kazi iliyopewa namba 147 katika orodha ya kazi za marehemu. Baada ya namba hiyo hakuna nyingine.

Historia ya muziki wa Ulaya ina kazi nyingi za mwisho zilizoachwa nusu. Mozart alikufa mwaka wa 1791 misa yake ya wafu ikiwa haijakamilika, na Mahler alikufa mwaka wa 1911 akiwa ameacha simfonia yake ya kumi katika rasimu. Sonata hii ni tofauti. Imekamilika hadi noti ya mwisho, na mtunzi aliitia tarehe kwa mkono wake mwenyewe: 5 Julai 1975. Kilichokosekana ni jambo moja tu, nalo ni yeye kuisikia ikipigwa.

Ili kufahamu kwa nini kazi ndogo ya wapigaji wawili ilibeba mzigo mkubwa kiasi hicho, haina budi kurudi nyuma.

Shostakovich alizaliwa mjini St. Petersburg mwaka wa 1906. Alipokuwa na umri wa miaka 19 simfonia yake ya kwanza, aliyoiandika kama kazi ya kuhitimu chuo cha muziki, ilipigwa Leningrad tarehe 12 Mei 1926 na kumfanya ajulikane ghafla nchini na kisha ng'ambo. Kwa miaka kumi alikuwa kijana kipenzi wa sanaa ya Kisovieti. Opera yake iitwayo Lady Macbeth wa Mtsensk, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1934, ilijaza kumbi za Leningrad na Moscow na kuvuka mipaka.

Halafu, tarehe 26 Januari mwaka wa 1936, Stalin akaenda kuitazama. Aliondoka kabla ya onyesho kumalizika. Siku mbili baadaye gazeti la Pravda, sauti rasmi ya chama tawala, lilichapa makala isiyo na jina la mwandishi, yenye kichwa cha habari kinachoweza kutafsiriwa kama ‘Vurugu badala ya muziki’. Makala hiyo haikuishia kwenye kukosoa opera. Ilikuwa na onyo kwamba mchezo wa namna hiyo unaweza kumalizika vibaya. Wasomaji wa Pravda wa wakati huo hawakuhitaji kufafanuliwa maana yake. Mwaka uliofuata Jenerali Mkuu Tukhachevsky, mlezi na rafiki wa mtunzi huyo, alipigwa risasi. Mwongozaji wa michezo ya kuigiza Vsevolod Meyerhold, aliyemwajiri Shostakovich alipokuwa kijana, aliuawa mwaka wa 1940.

Shostakovich alibaki hai. Simfonia yake ya nne, iliyokuwa tayari kwenye mazoezi mwezi wa Desemba mwaka wa 1936, aliiondoa isipigwe, na umma haukuisikia hadi tarehe 30 Desemba 1961, yaani robo karne baadaye. Konserto yake ya kwanza ya fidla, aliyoimaliza mwaka wa 1948, ilikaa kwenye saraka hadi mwaka wa 1955. Mtu huyu, kwa hiyo, alizoea muziki wake kusubiri. Alijua namna ya kuandika kwa ajili ya siku asiyoijua.

Wakati wa vita alipandishwa tena. Simfonia yake ya saba ilipigwa mjini Leningrad tarehe 9 Agosti 1942, jiji likiwa limezingirwa na majeshi ya Ujerumani na wakazi wake wakifa kwa njaa. Waliopiga ni mabaki ya bendi kubwa ya redio ya jiji hilo, wakiongozwa na Karl Eliasberg, na vipaza sauti viliupeleka muziki huo mitaani. Miaka 33 baadaye, siku na mwezi ule ule, tarehe 9 Agosti, Shostakovich alifariki. Ni sadfa tu, lakini wapenzi wa muziki wake hawachoki kuitaja.

Baada ya vita akaangushwa tena. Azimio la chama la tarehe 10 Februari 1948 lilimshutumu yeye pamoja na Prokofiev, Khachaturian na wengine kwamba muziki wao haukuwa wa wananchi. Alipoteza kazi ya ualimu katika vyuo vya Moscow na Leningrad. Stalin alipofariki mwaka wa 1953 hali ililegea, na vyeo vikaanza kurudi kimoja baada ya kingine. Mwaka wa 1960 aliomba kujiunga na chama, jambo ambalo baadhi ya rafiki zake waliliona kama fedheha aliyolazimishwa kuimeza. Tangu hapo akawa mtu wa majukwaa: alisoma hotuba alizoandikiwa, alitia saini barua alizoletewa.

Mwili unapokataa

Udhaifu katika mkono wa kulia ulianza kuonekana mnamo mwaka wa 1958. Kwa mpiga piano, na Shostakovich alikuwa mpiga piano hodari, hiyo ilikuwa habari mbaya. Madaktari walitaja polio. Wengine baadaye walifikiria ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu. Tarehe 28 Mei mwaka wa 1966 alipanda jukwaani mjini Leningrad kupiga piano katika tamasha la kazi zake mwenyewe, na usiku huo huo akapatwa na mshtuko wa moyo. Hakupiga tena mbele ya umma. Mwaka wa 1970 alikwenda katika mji wa Kurgan, mashariki ya milima ya Ural, kutibiwa na daktari maarufu wa mifupa, Gavriil Ilizarov, akapata nafuu ya muda. Mshtuko wa pili wa moyo ulifuata mwaka wa 1971, na baadaye saratani ya mapafu.

Katika miaka hiyo kazi zake zilizidi kupungua maneno, ikiwa mtu anaweza kusema hivyo juu ya muziki. Simfonia ya 14 ya mwaka wa 1969 ilihusu kifo waziwazi, kwa mashairi ya washairi wanne waliokufa mapema. Kwateti ya 15, yaani kazi ya wapigaji wanne wa ala za nyuzi, ya mwaka wa 1974, ina sehemu sita na zote ni za polepole. Msikilizaji anayefika kwenye kazi hizi kutoka kwenye simfonia ya saba, yenye ngoma na matarumbeta ya vita, hudhani amebadilishiwa mtunzi.

Ndugu mpole wa fidla

Wasikilizaji waliokulia kwenye taarabu ya Unguja wanaijua vyema fidla, ile ala inayopanda juu na kujibizana na mwimbaji. Viola inafanana nayo kwa umbo na hushikwa vivyo hivyo begani, ila ni kubwa kidogo na sauti yake iko chini zaidi, mahali ambapo sauti ya mtu mzima huzungumza bila kupaza. Katika bendi kubwa za Ulaya viola hukaa katikati na kujaza nafasi kati ya fidla na selo. Wapigaji wake wamekuwa shabaha ya mizaha ya wanamuziki wenzao kwa vizazi vingi, kana kwamba anayeshika viola ni yule aliyeshindwa fidla. Mizaha hiyo inasahau kwamba Beethoven mwenyewe, alipokuwa kijana mjini Bonn, alipata riziki kwa kupiga viola katika bendi ya kasri.

Shostakovich alikuwa ameandika sonata ya selo mwaka wa 1934 na ya fidla mwaka wa 1968, hii ya pili ikiwa zawadi kwa David Oistrakh. Viola ilibaki. Hata hivyo haikuwa ngeni kwake. Tangu kwateti ya pili hadi ya 14, kazi zake za aina hiyo zilipigwa kwa mara ya kwanza na kundi lile lile la wapigaji wanne la Moscow, lililojiita kwa jina la Beethoven na kuanzishwa mwaka wa 1923. Mpiga viola wake wa kwanza, Vadim Borisovsky, ndiye baba wa viola katika Urusi ya Kisovieti, na kwateti ya 13, ambayo mtunzi alimtunukia, inamalizika viola ikipanda peke yake. Borisovsky alipostaafu mwaka wa 1964 nafasi yake ilichukuliwa na mwanafunzi wake, naye ndiye Fyodor Druzhinin.

Kundi hilo lilikuwa likizeeka pamoja na mtunzi wake. Katika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1974 mpiga selo, Sergei Shirinsky, alifariki wakati wakiandaa kwateti ya 15, na kazi ikabidi ipewe kundi jingine la Leningrad. Kwa hali hiyo, sonata ya viola inaweza kuonekana pia kama deni kwa wapigaji waliomtumikia kwa miaka zaidi ya 30, likilipwa kwa mdogo wao.

Simu ilipigwa mwanzoni mwa kiangazi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Druzhinin, Shostakovich alimweleza kwamba anafikiria kuandika sonata, kisha akaanza kumwuliza maswali ya kiufundi: je, inawezekana kupiga nyuzi mbili kwa pamoja namna hii, na kwa kasi? Yalikuwa maswali ya fundi, hayakuwa na hata chembe ya huzuni. Kazi ilikwenda haraka mno kwa mtu ambaye kila noti ilimgharimu maumivu. Tarehe 5 Julai ilikuwa imemalizika, na mtunzi akaingia hospitalini. Kwa Druzhinin alizieleza sehemu tatu za sonata hiyo kwa ufupi: ya kwanza ni hadithi, ya pili ni mchezo, ya tatu ni adagio kwa kumkumbuka Beethoven. Akaongeza kwamba mpigaji asitishike na jambo hilo, kwani muziki wenyewe ni mwangavu.

Neno hilo, mwangavu, ndilo lililowasumbua watu tangu siku hiyo.

Hadithi, mchezo na kumbukumbu

Sonata inaanza na viola peke yake. Upinde haujaguswa, mpigaji anazidonoa nyuzi kwa kidole, nyuzi zikiwa tupu, kama mtu anayejaribu ala yake kabla ya kuanza kazi. Ni mwanzo mnyonge kiasi cha kushangaza. Wajuzi waliutambua mara moja: unakumbusha mwanzo wa konserto ya fidla ya Alban Berg, Mwaustria, ambayo nayo huanza kwa nyuzi tupu. Berg aliiandika mwaka wa 1935 kwa kumkumbuka binti wa miaka 18, Manon Gropius. Naye Berg alifariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na konserto yake ikapigwa mara ya kwanza mjini Barcelona mwezi wa Aprili mwaka wa 1936. Hakuisikia. Haiwezekani kuthibitisha kwamba Shostakovich alikusudia ulinganifu huo, lakini alikuwa mtu wa kuficha mambo katika noti na alimjua Berg vizuri. Opera ya Berg iitwayo Wozzeck ilionyeshwa Leningrad mwaka wa 1927, na ilimgusa sana kijana huyo.

Sehemu ya pili inachekesha, ingawa kicheko chake si salama. Inatembea kwa mwendo wa gwaride lililolewa na kuchezacheza. Muziki wake wa mwanzo haukuwa mpya: mtunzi aliuchota katika opera aliyoianza tarehe 28 Desemba 1941, siku moja tu baada ya kuimaliza simfonia ya saba. Opera hiyo, Wacheza Kamari, ilitokana na mchezo wa Nikolai Gogol kuhusu laghai wa karata ambaye mwishowe analaghaiwa na wenzake. Shostakovich alitaka kutumia kila neno la Gogol bila kuacha hata moja. Baada ya muda aligundua kwamba opera ingekuwa ndefu kupita kiasi, na mwishoni mwa mwaka wa 1942 akaiacha. Mwaka wa 1975 umma ulikuwa haujausikia muziki huo. Sehemu zilizokuwapo za opera ziliimbwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka wa 1978. Kwa hiyo wasikilizaji wa kwanza wa sonata hawakuweza kujua kwamba mzee aliyekaribia kufa alikuwa akimtoa sandukuni kijana wa miaka 35 na kumpa ruhusa ya kumaliza utani wake.

Na kwa nini hasa opera ya walaghai? Msikilizaji anaweza kujibu apendavyo. Mtu aliyesoma hotuba za wengine kwa miaka 15 huenda alikuwa na la kusema kuhusu mchezo ambao kila mchezaji ana karata ya siri.

Sehemu ya tatu, Adagio, ndiyo moyo wa kazi, nayo kwa urefu inakaribia sehemu mbili za mwanzo zikiwekwa pamoja. Viola inaanza tena peke yake. Kisha piano inaingia, na aliyewahi kupita karibu na darasa la piano anashtuka: ni ile Sonata ya Mwanga wa Mwezi ya Beethoven, au tuseme kivuli chake. Sauti moja inarudiwa kwa mwendo wa kuchechemea, chini yake zikivunjika sauti tatu tatu, polepole. Shostakovich hainukuu wimbo mzima. Anachukua mapigo na mwendo wake, kisha anaupinda uelekee kwingine.

Jina la Mwanga wa Mwezi si la Beethoven; lilitokana na maneno ya mhakiki Ludwig Rellstab, miaka kadhaa baada ya mtunzi kufa. Beethoven aliiandika sonata hiyo mwaka wa 1801. Mwaka huo huo alimwandikia rafiki yake wa utotoni, daktari Wegeler, kumfahamisha kwamba masikio yake yanazidi kuziba na kwamba anaepuka watu kwa sababu hawezi kuwaambia kuwa ni kiziwi. Uhusiano huo hautajwi sana, na pengine unastahili uzito zaidi kuliko mwezi. Mtunzi aliyepoteza mkono alimkumbuka mtunzi aliyepoteza masikio, akachagua kazi ya mwaka ule ule siri ilipotoka.

Kuna jambo jingine ndani ya Adagio ambalo lilikaa gizani kwa takriban miaka 30. Katika miaka ya 2000, mpiga piano na mtunzi wa Kirusi, Ivan Sokolov, alionyesha kwamba katika sehemu hiyo mmefichwa vipande vifupi kutoka simfonia zote 15 za Shostakovich, vikifuatana kwa mpangilio. Ni vifupi mno, noti chache chache, vimefumwa katika mwendo wa polepole kiasi kwamba hata waliopiga kazi hiyo mamia ya mara hawakuviona. Yumo kijana wa 1926, yumo yule aliyeiondoa simfonia ya nne, yumo wa Leningrad iliyozingirwa. Hakuna anayepigiwa tarumbeta. Maisha yote ya mtu, yaliyojaza kumbi kwa bendi za watu mia moja, yanapita kwa dakika chache mikononi mwa wapigaji wawili.

Hapo ndipo neno ‘mwangavu’ linapoanza kueleweka. Anayelia hahesabu. Adagio inahesabu kazi zake kwa utaratibu, bila kuruka iliyoaibishwa wala kuipendelea iliyotunukiwa. Waliozoea kuisikia sonata hii kama wimbo wa mazishi hawajakosea kuhusu majonzi yake, kwani majonzi yamo tele, lakini wanaipunguzia jambo ambalo mtunzi mwenyewe alilitaja.

Kiti kitupu

Druzhinin alipata nakala ya noti siku chache kabla ya mtunzi kufariki, na jina lake likiwa limeandikwa kama mtunukiwa. Shostakovich alikufa hospitalini mjini Moscow tarehe 9 Agosti. Inasimuliwa kwamba katika saa zake za mwisho mkewe, Irina, alimsomea hadithi ya Chekhov iitwayo Gusev, inayohusu askari mgonjwa anayefia melini akirejea nyumbani na kuzikwa baharini. Taarifa rasmi ya kifo ilimwita mwana mwaminifu wa Chama cha Kikomunisti. Alizikwa tarehe 14 Agosti.

Baada ya kupigwa nyumbani mwezi wa Septemba, sonata ilitolewa hadharani tarehe 1 Oktoba 1975 katika ukumbi mdogo wa Glinka, mjini Leningrad. Druzhinin ameeleza kwamba kiongozi wa bendi Yevgeny Mravinsky, mtu aliyejulikana kwa ukali na ukimya, na ambaye ndiye aliyeziongoza simfonia nyingi za Shostakovich kwa mara ya kwanza, alilia ukumbini bila kujificha. Kazi ilipomalizika watu walisimama. Druzhinin akaziinua noti juu ya kichwa chake, ili makofi yamwendee yule aliyeziandika.

Miaka iliyofuata iliigeuza sonata kuwa uwanja wa mabishano. Mwaka wa 1979 Solomon Volkov, Mrusi aliyehamia Marekani, alichapisha mjini New York kitabu alichodai ni kumbukumbu za Shostakovich mwenyewe, kikimwonyesha kama mpinzani wa siri wa utawala. Ukweli wa kitabu hicho bado unabishaniwa. Athari yake moja ni kwamba kila noti ya mtunzi huyo ilianza kusomwa kama barua ya siri. Mjini Leningrad nako watengenezaji filamu Semyon Aranovich na Alexander Sokurov walitengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha yake, wakaipa jina la sonata hii ya viola. Wakubwa waliizuia, na haikuonyeshwa hadi nusu ya pili ya miaka ya 1980, upepo wa mageuzi wa Mikhail Gorbachev ulipoanza kuvuma. Kazi ya mwisho ya Shostakovich ikawa imekumbwa, japo kwa jina tu, na yale yale yaliyoikumba simfonia ya nne.

Wapigaji walifanya kazi yao. Yuri Bashmet, mwanafunzi wa Borisovsky na kisha wa Druzhinin, aliipiga pamoja na mpiga piano mkubwa Sviatoslav Richter, na kupitia wawili hao sonata ikafika kwenye kumbi za dunia. Leo ni vigumu kumpata mpiga viola wa kiwango cha juu asiyeijua, na kwa ala ambayo kwa muda mrefu iliishi kwa kazi za kuazima, hilo si jambo dogo. Druzhinin alifariki mwaka wa 2007.

Ukurasa wa mwisho huwapa wapigaji shida ya pekee. Piano inatua kwenye Do meja, ngazi ya vitufe vyeupe ambayo mtoto hufundishwa siku yake ya kwanza, na viola inashikilia sauti moja juu yake. Mtunzi ameandika neno la Kiitaliano lenye maana ya kufifia, kama mtu anavyokata roho. Mkono unaovuta upinde unapaswa kwenda polepole zaidi na zaidi bila sauti kukatika wala kutetemeka, na wapigaji wengi wanakiri kwamba hapo ni pagumu kuliko sehemu zote za kasi. Kila mmoja huamua mwenyewe sauti hiyo ikae kwa muda gani, na kwenye rekodi zilizopigwa mbele ya watu husikika ukimya mrefu kabla ya kofi la kwanza.